Chupa ya Utepe Mweupe

Kwako Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na Shemeji na watoto wote wawili. Natumaini mgongo wako umepoa na kile kikohozi cha Shemeji kimekwisha. Mimi mzima wa mwili, miguu tu ndiyo inanilalamikia kila ninapopanda ngazi. Na kabla sijasema lolote, naomba radhi. Nimechelewa sana kukuandikia. Umepiga simu nami nimekaa kitandani naitazama inavyoita mpaka ikanyamaza. Si kiburi, Dada, wala si kwamba nimepata watu wapya nikakusahau. Kuna jambo mdomo wangu ulikataa kulisema, nikaona afadhali mkono ujaribu.

Swali lako nililipata. Dereva wa kambi alilileta neno kwa neno, huku anatazama pembeni kwa aibu, maskini, maana si swali la kumpa mwanamume abebe pamoja na minyororo ya baiskeli. Alisema mwanangu Bonge hataki kabisa maziwa ya kopo, anayatema. Uji anakula, ndizi ya kuponda anakula, lakini ikifika saa ya kulala analia anatafuta. Na wewe umekaa hapo kifua kimejaa, unamnyonyesha binti yako, na huyu anakuangalia. Ukauliza, nimpe? Ukasema hutampa mpaka niseme mwenyewe, kwa kuwa siku ninaondoka nilikukataza pale mlangoni, mbele ya Shemeji, kwa sauti ambayo mdogo hamtolei mkubwa wake. Nilisema maziwa yake nitamletea mimi, kila Jumamosi, na kwamba mtoto wangu asijue ziwa lingine. Wewe ukapokea mtoto.

Nitakujibu humu humu. Niache kwanza nikueleze, ili jibu likifika usidhani nimelitoa kirahisi.

Hapa kambini tunaishi wawili wawili, chumba kina vitanda viwili na baiskeli mbili zimening'inizwa ukutani juu ya vichwa vyetu, ukigeuka vibaya usingizini pedali inakusalimia. Dirisha linaangalia uani, kwenye kamba za nguo na karakana ya fundi. Ninayelala naye tunamwita Kijiko, kwa sababu hawezi kupita kopo la unga wowote bila kulamba. Ni mkubwa kwangu kwa umri lakini akili yake inapenda mchezo. Siku za kawaida tunaendesha taratibu, tunapiga soga njiani. Siku ngumu ni zile za mlima. Kuna barabara ya machimbo ya kokoto, inapanda haina huruma, tunaipanda mpaka juu, tunashuka, tunaipanda tena, kocha nyuma yetu na pikipiki anapiga filimbi. Tukirudi tumekauka, chumvi imechora mistari mgongoni kwenye nguo, na mtu akikuuliza jina lako unafikiri kwanza.

Jikoni anatungoja mtaalamu wa lishe, mama mmoja mpole, wenzangu wanamwita Mama Sahani. Yeye anasema mwili uliotoka mlimani ni kama nyumba iliyohamwa, kila kitu kimetolewa nje, kwa hiyo ukifika tu anza kurudisha vyombo ndani: maji, chumvi, kitu kitamu, na kitu cha kujenga nyama. Usisubiri mpaka uoge, usisubiri mpaka njaa ije, maana baada ya mlima njaa inachelewa. Mezani anapanga vyote uchague kinachokubaliana na tumbo lako. Kuna unga wa kopo wenye harufu ya stroberi unaokorogwa na maji. Kuna maziwa baridi, na mengine yametiwa kakao. Kuna maji ya limau yenye sukari na chumvi. Halafu ndizi, mtindi, viazi vya kuchemsha, na wali na mayai kwa anayeweza kutafuna. Kijiko anachukua maziwa matupu, anasema kakao ni rangi ya kudanganyia watoto.

Wenzangu wanachagua kwa ajili ya miguu. Mimi, Dada, nilikuwa nachagua kwa ajili ya kifua. Nilianza na ule unga, ukanijaza tumbo gesi, na nikienda bafuni kukamua maziwa kwa pampu napata kidogo. Nikahamia maziwa ya kakao, siku hiyo nikapata zaidi, nikashangilia peke yangu mle bafuni kama mwendawazimu. Basi nikawa nakunywa vikombe viwili viwili. Yakipungua najaribu kingine, uji wa shayiri, mtindi, maji mpaka tumbo linacheza likigonga juu ya baiskeli na Kijiko anauliza nani amebeba ndoo. Nilidhani kipo kinywaji kimoja nikikipata mambo yatatulia.

Halafu kocha akaniita. Si mtu mbaya, aliongea kwa heshima, akaniita mama. Ila alisema mlima haujui kama nimezaa, na kwamba naupanda kama mtu aliyebeba mgeni mgongoni. Kama unavyojua, walikuwa wanatafuta waendeshaji sita wa timu. Watakaochaguliwa wana kazi ya mwaka mzima, na wenye watoto wanapewa vile vijumba vya nyuma ya karakana, chumba na jiko, unakaa na mwanao na mtu wa kukusaidia. Mimi nilimwacha Bonge ili nije nimchukue, hilo nilikwambia na ndilo lililonitoa pale mlangoni. Baba yake unamjua mwenyewe, sina la kuongeza. Kwa hiyo nikaanza kusukuma sahani pembeni. Vinywaji nakunywa, wali naacha, nikidhani nitapungua kiunoni na kifuani kubaki vilevile. Ujinga wa mtu aliyechoka huo.

Maziwa yenyewe nilikuwa naweka kwenye chupa za baiskeli nilizozichemsha, hizo unazozijua, kwa sababu ndizo zinazokaa wima kwenye sanduku la barafu la Dereva. Kwenye friji la jikoni kila mmoja ana utepe wake wa rangi kwenye chupa. Utepe mweupe ulikuwa wa Bonge. Sasa Ijumaa moja tumetoka mlimani, mpishi alikuwa ameosha friji na kurudisha vitu vikiwa bado na maji maji, utepe ukabanduka. Kijiko akaingia na kiu yake, akaona chupa ina maziwa meupe, akaifyonza mpaka ikalia. Mimi natoka kuoga, taulo kichwani, namkuta anajifuta mdomo na kumsifu mpishi kwamba leo ameacha uchoyo ametia sukari. Mpishi anaapa hajatia kitu. Mimi nikaona utepe mweupe umeganda chini ya friji. Nikasema yale yalikuwa ya mtoto.

Kijiko akakimbilia sinki, akainama, kisha akasimama akauliza kama atapike au aseme asante. Hapo watu walianguka, Dada. Mpishi alikaa chini. Hata mimi nilicheka mpaka mbavu zikauma. Na kesho yake mlimani si akatupita wote! Kocha akamuuliza amekula nini, hakuna aliyeweza kubaki juu ya baiskeli. Tangu siku hiyo wanamwita kifungua mimba wangu, na yeye kila asubuhi ananipa shikamoo na kuniita Mama mbele za watu, huku ananizidi miaka.

Ungekuwepo ungecheka. Lakini walichokuwa hawajui wao, na hata wewe hujui mpaka sasa, ni kwamba chupa ile ilikuwa ya mwisho. Niliijaza kwa kudunduliza, tone kwa tone, tangu Jumanne. Wakati nacheka nao jikoni nilikuwa nimetoka kukamua bafuni na nimepata hewa. Nikajipa moyo kwamba ni uchovu. Kesho yake Dereva akaja na sanduku lake nikamwambia leo sina. Jumamosi iliyofuata ndiyo aliyoleta swali lako, na iliyofuata tena nilijificha kwa fundi, nikajifanya nasaidia kujaza upepo.

Nilikwenda kwa Mama Sahani. Nilimwambia vyote nilivyojaribu, kikombe kwa kikombe, nikamuuliza sasa nichague kipi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akasema anacho kinywaji cha miguu, anacho cha kiu, anacho cha chumvi iliyopotea njiani, ila cha kuita maziwa hana, na hajui aliye nacho. Kinachoita maziwa ni mdomo wa mtoto. Kwa pampu niliudanganya mwili kwa muda, na mwili umeshtuka. Kama ningekula sahani yangu yote huenda ningepata wiki chache zaidi, basi. Akasema pia kwamba ziwa halijafunga kabisa. Nikirudi nyumbani sasa hivi, nikalala naye na kumweka kifuani usiku na mchana, huenda yakarudi. Hakunisukuma huku wala kule. Majaribio ya mlima, ya kuchagua wale sita, yalikuwa Alhamisi ya wiki ileile.

Dada, hapo ndipo mdomo wangu ulipofungwa. Si kwamba maziwa yalikauka tu. Ni kwamba niliambiwa njia ya kuyarudisha nikiwa nimesimama, nina miguu miwili na nauli, na nikabaki. Sikuja. Nilikwenda mezani nikavuta sahani ya wali na mayai nikala yote, nikala na viazi, nikanywa maziwa ya kakao, safari hii kwa ajili ya miguu peke yake. Kijiko alikuwa ameshajua, aliiona pampu imekaa kavu juu ya meza. Siku hiyo hakuniita Mama. Alikaa kitandani kwake akanisukumia kopo lake la unga, lile ambalo hata fundi haruhusiwi kuligusa, akasema kama kurudisha kungewezekana angerudisha. Nikamwambia chupa moja isingemlea mtoto, aache kulia, pua yake itaharibu unga.

Alhamisi nilipanda. Nilifika wa nne. Nimechaguliwa. Kocha alinipa mkono, akasema yule mgeni wa mgongoni ameshuka. Hakujua anasema nini. Juu pale wakatugawia chupa, maziwa baridi, nikanywa mpaka mwisho kwa kuwa mwili ulitaka, na nililia huku nakunywa, Kijiko akasimama mbele yangu na baiskeli yake wasinione.

Basi jibu langu ni hili. Mpe, Dada. Mpe leo, ukishamaliza kusoma, usingoje jioni. Ulikuwa sahihi tangu mwanzo na ulinivumilia. Anapenda upande wa kushoto kwanza. Akishiba anashika sikio, lake au lako, usimtoe mkono. Akianza kung'ata mwambie hapana mara moja tu kwa sauti ya chini, anaelewa.

Lakini na mimi nina neno langu, nalo usilipuuze kwa kuwa nimelia. Nyumba nitapewa msimu wa mashindano ukiisha, na siku hiyo nitakuja kumchukua. Hata akinikimbia nitamchukua. Akijificha nyuma ya gauni lako usimwambie nenda kwa mama mdogo. Mama mdogo ni wa binti yako, kwa Bonge mimi ndiye mama na wewe ni mama mkubwa. Nilitaka kuandika kwamba akikuita mama umkataze. Nimelifikiria tangu asubuhi. Usimkataze. Mwache aite. Ila usiku mkizima taa mtajie mimi kidogo, useme tu nipo na ninakula vizuri.

Nisalimie Shemeji, mwambie samahani kwa ile sauti ya mlangoni. Mbusu binti yako shavuni, mwambie mama mdogo anamshukuru kwa kugawana. Kijiko anasalimia, anasema yeye ni kaka mkubwa wa Bonge, na mimi nimechoka kumwambia kwamba ni mwanamke. Mungu awalinde nyote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
anayekupenda na kukutegemea.

Vitu ninavyohitaji bado, mpe Dereva Jumamosi:

Soksi zangu nzito za kijivu, zipo chini ya sanduku la nguo.

Ile kanga ya kahawia niliyokuwa nambebea. Usiifue.

Chupa tupu zilizobaki kwako usizitume tena. Mpe Shemeji za maji ya kazini.

Na unyayo wa Bonge. Mweke asimame juu ya karatasi, umshike kwapani, upitishe kalamu kuzunguka mguu, nione ameongezeka kiasi gani. Kalamu iwe wima, na usimguse chini ya kidole gumba, atacheka na mstari utapinda. Ukipinda, utume hivyo hivyo.