Nakusikia Kinywani mwa Mwingine

Kisenyi, Kampala

Baba Shakib, mume wangu,

Amani ya Mungu ikufikie huko Arua kwenye kampeni. Sisi wazima, alhamdulillahi. Paa la jikoni limezibwa, na jirani yetu Naila ameanza kuuza sambusa karibu na gereji.

Jana mheshimiwa wako alihutubia redioni. Akasema, "Nyumba haijengwi na anayepiga kelele, hujengwa na anayerudi." Watu wakashangilia. Naila akaniambia, "Mama Shakib, mzee huyu ana hekima." Nikamjibu, "Hekima hiyo imelala kwangu miaka ishirini." Alicheka mpaka akamwaga chai.

Maneno hayo uliniambia mimi, mlangoni, uliporudi baada ya ugomvi wetu wa kwanza. Unampangia kila hatua na kila neno, wala jina lako halitajwi, nawe wapenda iwe hivyo. Mimi huwasha redio kila jioni nikusikie wewe.

Sasa usishtuke. Ule uvimbe wa titi, daktari wa hospitali ya Mulago amesema utaondolewa Jumatatu. Najua utasema uchaguzi umekaribia. Ulisema hivyo mama yangu alipofariki, nikakuelewa. Safari hii sitaki kuelewa. Usimtume mheshimiwa na sukari na wapiga picha wake. Njoo mwenyewe, hata kama huna la kusema. Nikifumbua macho nikukute kando ya kitanda, umesinzia na kofia imekuangukia puani.

Nakuombea katika kila sala.

Mkeo,
Umulkheir