Kona ya Jumamosi

Yangon, 6 Januari 2013

Kwa Dada Nyein,

Salamu nyingi. Kifua chako kimepoa? Mimi mzima, ila nimepungukiwa jino. Waongoza wageni wenzangu wa ngazi za mashariki za hekalu walinizingira wiki jana. Mmoja akasema, "Wewe wa mashamba, nani kakuruhusu kula hapa?" Nikamjibu, "Mama yako." Jino likaenda.

Kazi inaendelea. Asubuhi nawapeleka wageni pagoda ya Sule, mchana soko la Bogyoke wanakobishania bei ya hariri hadi mate yanawakauka, jioni tunapanda Shwedagon, pagoda kubwa kuliko zote. Kila Jumamosi nawaacha wapige picha, mimi nakwenda kona ya siku niliyozaliwa kummwagia Buddha maji, vikombe ishirini na saba, kimoja kwa kila mwaka wangu.

Usimwambie mtu niko wapi. Tangu nimtoboe Soe Tint jicho kwa mwanzi pale gatini huko nyumbani, kaka yake Win Bo ameapa kunichinja. Sikukusudia jicho. Nilikusudia kichwa.

Mdogo wako,
Zaw Lwin

Hinthada, 19 Januari 2013

Kwa mdogo wangu,

Kifua kimepoa, na furaha imemaliza kilichobaki. Mshenga Daw Ohn Kyi alikuja na vitumbua. Ana binti wa mwalimu, mpole, anajua kupika. Akataka siku yako ya kuzaliwa ailinganishe na ya binti. Nikasema Jumanne, kama herufi ya kwanza ya jina lako inavyoonyesha. Akacheka: "Ma Nyein, wa Jumanne gani ana hasira zile? Nikilinganisha siku ya uongo, ndoa itazaa maiti."

Nikaogopa, nikamwambia kweli: ni wa Jumamosi, mama alimpa jina la Jumanne ili nyota yake ipoe. Akauliza kama unashika dini. Nikajisifu kwamba hukosi Jumamosi hata moja kwenye kona yako. Yangon sikuitaja. Nilisema tu unatembeza wageni kwenye pagoda iliyo kubwa kuliko zote.

Nunua shati jipya.

Dada yako,
Nyein

Yangon, 3 Februari 2013

Kwa Dada Nyein,

Natumaini u mzima. Mwandiko ni mbaya kwa sababu natumia mkono wa kushoto.

Jana, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, nilikuwa kwenye kikombe cha kumi na tisa. Mtu aliyechuchumaa pembeni akatema tambuu, akasema, "Karibu, wa Jumamosi. Umefika cha ngapi?"

Alikuwa Win Bo.

"Cha kumi na tisa," nikasema.

"Vilivyobaki nitakumwagia mimi."

Kisu kilitoka ndani ya kikoi chake. Nilikinga kwa mkono wa kulia, vidole viwili vikaanguka kwenye marumaru. Nilimpiga kwa kikombe cha shaba, nikampiga tena, hadi taya likaenda upande na kikombe kikapindika. Mgeni wangu mmoja, mzee Mfaransa, alidhani ni ibada. Alikuwa anapiga picha. Wafagiaji walipopiga kelele, Win Bo alitokomea kwenye umati wa watu waliokuja kuomba.

Pagoda ina kona nane za siku, Jumatano ikiwa na mbili, dada, na yeye alikaa kwenye yangu. Siku yangu mliijua mama na wewe. Mama amekufa. Niambie.

Mdogo wako,
Zaw Lwin

Hinthada, 8 Februari 2013

Kwa mdogo wangu,

Hali yako siulizi, naijua. Ni mimi.

Nilikwenda kwa Daw Ohn Kyi, nikamkamata nywele, nikampiga kwa mchi wa pilipili mpaka akalia: "Niache! Kina Win Bo walisema watanichomea nyumba na mimi ndani! Ungefanyaje wewe?" Hakuna binti wa mwalimu. Hakuwahi kuwepo.

Win Bo amerudi. Taya limefungwa kitambaa, anakunywa uji kwa mrija, hawezi kusema. Mkewe anatangaza sokoni kwamba mumewe amemwandikia neno moja kwenye karatasi: Jumamosi. Hama. Mwaga maji chumbani kwako, Buddha atayapokea.

Nipige mimi ukitaka, lakini hama.

Dada yako,
Nyein

Yangon, 14 Februari 2013

Kwa Dada Nyein,

Pole na hofu. Sina kinyongo nawe, ulitaka nioe.

Sihami. Akinikosa huku atakuja kwako, na wewe huna hata mbwa. Keshokutwa, Jumamosi, nitawatembeza wageni kama kawaida: Sule, soko, kisha Shwedagon. Nitamngoja chini, barabarani, kabla ya ngazi. Sitamwaga damu tena mahali ninapovua viatu. Nimenunua kisu cha kupasulia nazi, na nimejizoeza kukishika kwa kushoto.

Mdogo wako,
Zaw Lwin

Hinthada, 20 Februari 2013

Kwa mdogo wangu,

Barua hii ataificha mtawa ndani ya bakuli lake la sadaka, aitie posta ya ng'ambo ya mto.

Maiti ya Win Bo ililetwa Jumatatu, imepasuliwa kutoka shingoni hadi kifuani. Walioileta wanasema wewe ulikimbia umeshika tumbo, na damu ilikufuata mpaka kituo cha basi. Zaidi ya hapo hawajui.

Soe Tint, na jicho lake moja, alikuja na kiti, akakiweka nje ya lango langu. "Dada Nyein," akaniambia, kwa adabu kabisa, "kaka yangu hayupo. Wako yupo?"

Nikasema sijui.

"Ataandika. Yeye huandika siku zote. Nitamsaidia mtu wa posta kukuletea."

Bado amekaa. Mkewe anamletea chakula palepale.

Zaw Lwin, kama u hai, usinijibu. Wiki hii, mwezi huu, kamwe. Kila siku mtu wa posta akipita mikono mitupu, nitajua angalau Soe Tint hajapata mahali pa kukutafuta.

Dada yako,
Nyein