Nataka Mama Mdogo Aisikie Sauti Yake

Shikamoo shangazi Evodia. Najua umechoka na barua za wanaume waliokimbiwa, kwa hiyo leo mshukuru Mungu, nimekuandikia mimi, Awadhi wa Mashewa, kijana mtanashati, fundi wa madirisha ya chuma, shule niliishia kidato cha pili, si kwa ujinga, ni mimi na hesabu tulichokana. Pamoja na sifa zote hizo naomba msaada, maana hili limenishinda.

Nimelelewa na mama mdogo Asnath. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka minne, baba yuko Sindeni na shamba lake, mama mdogo ndiye aliyenichukua, na huyu mama sijui nikuelezeje, yeye ni mtu wa kanisa na mimi nimebaki na dini ya baba, lakini kila Ramadhani ndiye anayeamka kunipikia daku, ananigongea mlango, "We Awadhi, amka ule, mwenzio nirudi kulala," na hajawahi hata siku moja kuniambia nimemchosha, na ninachosha, wewe waulize watu. Sasa mwaka huu ufuta niliolima kwa baba ulipojibu nikasema mama huyu lazima apate mziki wa maana sebuleni, na kwa kuwa mdomo wangu hauna breki nikatangaza kijiji kizima kwamba naleta sabufa la kutikisa mabati.

Mama mdogo anaimba kwaya, sauti ya pili. Akimenya mihogo huimba ile sauti yake peke yake, na mimi nimekua nikidhani nyimbo zote ndivyo zilivyo, kumbe wimbo wenyewe unapita kwingine, nikaja kumwambia, "Mama, miaka yote umeniimbia wimbo uliopinda," akacheka mpaka kisu kikamdondoka.

Basi kwaya yao ikarekodi, wimbo ukaingia kwenye simu yangu, nikakusanya watu kwenye kibanda cha rafiki yangu Isaka, kinyozi, mwenye sabufa la mataa, nikakoleza besi mpaka mwisho, najiona dijei. Wimbo ulipoisha mama mdogo akauliza taratibu, "Mbona mimi sijisikii?" Nami, shangazi, nikajibu, "Labda walikuzimia kipaza, mama!" Watu wakaangua kicheko, Isaka akaweka mashine chini akashika mbavu. Mama mdogo akatabasamu, akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Kumbe miaka yote nafungua mdomo tu."

Tangu siku hiyo hajakanyaga mazoezini. Hii ni wiki ya tano. Anamenya mihogo kimya.

Juzi nikaenda Korogwe mjini kwa mzee Bernardo, fundi redio anayeuza na vyombo vilivyotumika, nikamwonyesha sabufa ninalolitaka, akaniuliza, "Hilo, dogo, unalisikiliza au unalitazama?" Akachukua simu yangu akaiunganisha kwenye amplifaya kuukuu na vispika viwili vya mbao, kila kimoja kama dumu la lita tano, na shangazi, ubeti wa pili nikausikia ule wimbo uliopinda. Ila sauti ya pili wanaimba wanawake wanne, siwezi kuapa kwamba niliyemsikia ni yeye.

Sasa nifanyeje? Nikileta vidumu vile vijana watanicheka hadi mwakani. Nikileta sabufa, mama atazidi kujikosa. Nikinunua vizuri halafu bado asijisikie je? Na mambo ya amplifaya sijui lolote, nawadanganya tu watu kwamba najua. Nataka kumshukuru, shangazi, na naogopa kumkata moyo mara ya pili.

Awadhi, Mashewa

*

Marahaba, Awadhi. Waliokimbiwa wamekusikia na wanakusalimu.

Umenifurahisha. Vijana wengi huniandikia kuwalalamikia waliowalea, wewe umejaza ukurasa kumshukuru. Sasa kaa vizuri nikuseme. Besi ilifunika sauti ya mama yako, ni kweli, lakini sabufa halikumtoa kwenye kwaya. Ulimtoa wewe kwa mzaha wako. Ulimcheka mbele ya watu, basi rudi pale pale kwa Isaka, mbele ya watu wale wale, useme, "Mama, besi niliikoleza mimi, na nilichosema hakikuwa kweli. Naomba radhi." Usiongeze utani hata mmoja. Hilo lifanyike kabla hujagusa waya.

Kwenye vyombo, msikilize mzee Bernardo. Anza na spika na hela nyingi iishie huko, kwa sababu sauti ya binadamu hukaa katikati, na sabufa la mataa hapo katikati halina kitu. Kisha amplifaya: mwambie mzee akuonyeshe namba ya omu, yaani ukinzani wa umeme, nyuma ya spika na nyuma ya amplifaya, ya spika isiwe chini ya ile amplifaya inayoruhusu, utaiunguza. Wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi zipite tu. Sabufa utaongeza ukishakua.

Halafu huo wimbo uliotumiwa kwa simu umeminywa njiani. Nenda na flashi kwa aliyerekodi, akupe wenyewe kamili. Sebule yenu, kama ni bati bila dari na sakafu ya saruji, itarusha sauti huku na huku, kwa hiyo tandika mkeka, weka mapazia mazito, spika zikae usawa wa masikio ya mtu aliyeketi, zisibanwe ukutani. Na zimtazame mama! Nawajua nyinyi, mnageuza spika zitazame barabara, wapita njia wanafaidi na mwenye nyumba anasikia mgongo wa kabati.

Usinunue peke yako. Panda gari na mama hadi Korogwe, achague kwa masikio yake. Vijana watakucheka, ndiyo. Jifunze inavyouma.

Na asipojisikia hata huko? Usimwambie, "Ndiyo wewe huyo, mama." Anaijua sauti yake kuliko wewe, na ukimdanganya utakuwa umemcheka tena. Zima kila kitu. Waombe wale wenzake watatu wa sauti ya pili waje nyumbani, waimbe bila yeye, naye akae asikilize. Nusu ubeti hawatafika kabla hawajamgeukia.

Shangazi Evodia