Dawa Niliyomnyima Rosa

Khasandi wangu, mtoto wa binti yangu,

Aliyeshika kalamu ni katekista, maana shule mimi niliiona kwa nje tu. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinitie adabu ambayo sina. Zamani Rosa, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, ndiye alikuwa akikuandikia. Rosa haji kwangu tena. Ndiyo maana nakusumbua.

Unakumbuka mama yako, Ayuma wangu, alipokatwa mguu na jani la muwa? Kidonda kidogo tu. Kila jirani akaleta vidonge alivyobakiza, huyu viwili, yule kimoja, kwa sababu hapa kwetu dawa inaombwa kama chumvi. Nikavitia vyote kwenye bakuli, akavimeza, mguu ukavimba hadi paja. Hospitalini wakabadilisha dawa, wakabadilisha tena, mwishowe daktari akasema wadudu wa kile kidonda wamezoea dawa. Wewe ulikuwa umeshika leso yangu. Ukamuuliza, "Nani aliwazoeza?"

Daktari akafunga faili akaenda kitanda kingine. Tulirudi nyumbani bila mama yako, na swali hilo ukalibeba mpaka chuo kikuu, mpaka huko Ulaya unakofuga wadudu kwenye visahani ili ujue ni dawa gani bado inawaweza.

Mara ya mwisho ulikuja na vijiti vya pamba, ukaanza kupima kuku wangu huko nyuma, uone kama wadudu wao nao wamezoea dawa. Rosa akacheka mpaka akakaa chini. "Mama Ayuma, huyu amesoma miaka yote hiyo ili ashike matako ya kuku?" Ukamjibu, "Shangazi, na wewe ukikaa vibaya nitakupima." Siku hiyo nilichinja jogoo nikakupa firigisi. Wajomba zako walinuna, eti firigisi ni ya wanaume. Niliwaambia wakasome kwanza.

Kabla uondoke ulinishika mikono. "Kukhu, bibi yangu, dawa ya mtu isigawanywe. Wadudu wasipokufa wote, wanaobaki wanarudi wakiwa wakali." Nilielewa. Mbuzi ukimchapa fimbo moja ukamwachilia, kesho yuko kwenye mahindi na haogopi. Nikakuahidi.

Basi juzi mvua zilipoanza, Rosa alikuja amevimba shavu, jino. Mimi nilikuwa nakunywa vile vidonge vya rangi mbili nilivyopewa dispensari kwa kifua changu. Akaviona mezani.

"Nipe vinne tu."

"Siwezi, Rosa. Twende dispensari, nitakusindikiza."

"Sikuomba miguu. Niliomba dawa."

Nikamweleza yote uliyonieleza, lakini mdomoni mwangu yalitoka kama uchoyo. Akafunga kitambaa chake vizuri. "Mama Ayuma, binti yako alipougua nilikuletea za kwangu bila kuulizwa." Akaondoka.

Angenipiga kofi ningesahau. Hilo neno nalala nalo. Ningemwambiaje kwamba zile za kwake nazo zilikuwa kwenye lile bakuli? Siwezi kumbebesha kaburi la Ayuma, Khasandi. Alizileta kwa kunipenda.

Jino aling'olewa, nasikia amepona. Kwenda chemchemi anapitia njia ya chini sasa, ile yenye matope, ili asipite kwangu. Chai bado napika ya watu wawili. Yake namwagia mgomba. Simu yako ikilia naiangalia tu, maana yeye ndiye alijuanga pa kubonyeza. Sijutii kumnyima. Ningeulizwa leo ningemnyima tena, na ningelia tena. Lakini hukuniambia kwamba kazi yako itaniacha peke yangu huku pia.

Kwa hiyo njoo. Usinitumie shuka nyingine, ninazo. Njoo na huo mwili wako, nimeona kwenye picha umekonda, hao wadudu wanakula kukuzidi. Ukifika usianzie kwangu. Vuka kijito uende kwa Rosa, ukae jikoni kwake, umweleze kwa mdomo wako uliosoma kwamba sikuwa mchoyo. Ya mama yako mwachie Mungu. Halafu umshike mkono umlete.

Jogoo nimeshamchagua, yule mwekundu mwenye kiburi. Hajaonja dawa hata siku moja. Safari hii firigisi ni ya Rosa. Wewe utakula shingo na utanyamaza.

Nakungoja mlangoni, nimekaa kwa kile kigoda alichokuwa akikalia Rosa.

Mimi kukhu wako, aliyekuzalia mama.