Chumvi Kiasi

Tarehe 3 Februari

Mama Pacha mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, pacha wetu huko shule ya bweni nao wazima, hofu ni kwako na kwa dada yako. Mguu wake umeanza kukanyaga chini?

Huku joto limekaza. Kila jioni nakula mkate mkavu, tumbo linanguruma mpaka wateja wanasikia. Jana mmoja aliyekuja kuchongewa ufunguo aliuliza kama nafuga mbwa chini ya meza. Nielekeze chakula chepesi cha jioni, kisichotaka moto mwingi. Na uniambie unarudi lini. Kwenye simu tunaishia kugombana, ndiyo maana naandika.

Mumeo,
Baba Pacha

Tarehe 9 Februari

Baba Pacha,

Hatujambo. Dada anatembea kwa fimbo na ameanza kuwafokea kuku, basi ujue amepona.

Chemsha viazi viwili na yai moja asubuhi, kabla jua halijawa kali. Jioni vikatekate, changanya na nyanya na kitunguu, kamulia limau, tia chumvi kiasi. Siku nyingine chemsha dengu kikombe kimoja, ziache zipoe, ufanye vivyo hivyo.

Kuhusu kurudi, usinikimbize. Dada amepona, mimi ndiye sijapona. Huku jioni nakaa barazani, naletewa sahani, naulizwa kama nimeshiba. Sikujua kwamba hata mimi naweza kuulizwa swali hilo. Sijui kama narudi. Nikilala nawaza, nikiamka nawaza.

Mama Pacha

Tarehe 14 Februari

Mama Pacha,

Habari za huko? Mimi sijambo, ila ulimi wangu.

Kiasi ni kiasi gani? Mimi fundi kufuli, mama. Ufunguo ukizidi kwa unywele mmoja, mlango haufunguki. Nilitia konzi nzima, usiku kucha nikawa nakunywa maji. Nilimwonjesha jirani mpiga pasi, akasema hiki si chakula, ni dawa ya kukaushia ngozi. Nipe kipimo.

Na hilo neno lako, "sijui kama narudi", limeninyima raha. Nikikaa nainuka. Naingia jikoni, natoka, sijui nilifuata nini. Niambie nimekosa nini.

Mumeo,
Baba Pacha

Tarehe 20 Februari

Baba Pacha,

Nashukuru tumeamka salama. Dada alicheka barua yako mpaka fimbo ikamponyoka. Nami nilicheka, halafu nikakasirika kwamba nimecheka.

Kiasi hakina kijiko. Unatia kidogo, unaonja, unatia tena, unaonja. Ukimwaga yote mara moja, hakuna wa kuja kukutolea.

Unauliza umekosa nini. Basi siku moja jua likiwa kali, pika chakula cha moto: wali kikombe kimoja na mchuzi wa nyanya. Funga mlango wa jikoni, kama nilivyokuwa nafunga mimi ili moshi usifike kwenye meza yako ya kazi. Kisha uniandikie.

Mama Pacha

Tarehe 2 Machi

Mama Pacha wangu,

Natumai uko salama. Nimechelewa kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Nilifunga mlango, nikapika. Nyanya hazijalainika, jasho likawa linaniingia machoni. Nikaenda kufungua dirisha, halikufunguka. Nikalivuta, nikalitukana, nikaangalia komeo: kutu tupu, limeshikana na fremu. Ndipo nikakusikia, "Fundi, lini utanifungulia dirisha hili?" Nami najibu, kesho. Watu wanatoka mtaa wa tatu kunitafuta niwafungulie milango yao! Wanasema mganga hajigangi. Kwetu aliyeumia ni mke wa mganga.

Sikumaliza kupika. Nilikaa sakafuni nikalia, na kitunguu nilikuwa sijakigusa.

Nimeling'oa komeo lile, nimetengeneza jingine la shaba. Unalisukuma kwa kidole kimoja. Meza yangu nimeihamishia barazani, mlango wa jikoni haufungwi tena. Sikwambii urudi. Nakwambia dirisha linafunguka. Na nakuuliza, Mama Pacha: huko umeshiba?

Mumeo,
Baba Pacha

Tarehe 11 Machi

Mama Pacha,

U mzima? Barua yangu imefika? Nikisikia hatua nje, naiacha tupa ya kuchongea katikati ya ufunguo, nachungulia. Ni mpiga pasi tu, kila mara ni yeye, mpaka nimeanza kumchukia bure. Jana, kwa mawazo, nilimchongea mteja ufunguo wa mlango wa jirani yake. Kama hasira bado ipo, niandikie hasira. Kimya sikiwezi.

Baba Pacha

Tarehe 15 Machi

Baba Pacha,

Salamu kutoka kwa dada na kuku wake. Barua zako zote zimefika. Nilikuwa natia na kuonja.

Sijashiba.

Jumamosi asubuhi chemsha viazi vinne na mayai mawili. Nyanya chagua zilizoiva, usidanganywe sokoni. Limau usinunue, dada ana mti. Na usikimbilie kufurahi: nikikuta dirisha hilo limefungwa, napanda basi lile lile kurudi nilikotoka.

Mengine kata, changanya, weka mezani. Chumvi usiiguse mpaka nifike.

Mkeo,
Mama Pacha