Nthabeleng na Farasi

Dada Mapulane,

Uji wa mtama wa Nthabeleng uko jikoni, nimeufunika. Akishakula, mfundishe kupanda farasi. Mshikie hatamu, usimwachie kwenye mteremko. Mtoto huyu hata kuruka kamba hawezi, lakini kupanda farasi kaomba mwenyewe.

Asubuhi nimemfundisha mimi. Ameanguka mara tatu, na ya tatu nikacheka. Akajipangusa vumbi, akasema, "Baba, wewe nenda tu mgodini. Shangazi atanifundisha, yeye hanicheki."

~~Mwambie anisamehe.~~ Usimwambie. Nitamwomba radhi mwenyewe nikirudi Krismasi.

Gari la mgodini limefika. Nimebisha mlangoni kwake mara mbili nimuage. Namsikia anavyopumua, lakini haitikii.

Kaka yako