Hapana ya Mmarekani na Hapana ya Mjapani

Al Baraha, Dubai
Jumatatu, baada ya Alasiri

Mke wangu Mwanaidi,

Asalaam aleikum, mama Zuhura. Watoto hawajambo? Kikohozi cha Zuhura kimepoa, au bado kinamwamsha usiku? Na mguu wa mama unaendeleaje? Mimi kwa upande wa mwili sina ninachoumwa. Ukiniona utasema huyu mzima. Yaliyobaki utayasoma humu. Simu ninayo, lakini haya ningeyasema kwa simu ungenisikia sauti ikikatika, nami sitaki uisikie. Nimeona bora niandike, na barua atakuletea bwana mmoja wa Muheza anayerudi nyumbani wiki hii.

Uliniuliza mbona nimenyamaza kuhusu ile habari ya kupata kafili mpya wa kunidhamini viza. Na kaka yako Shabani anasema mtu aliyeishi na Wamarekani na Wajapani miaka yote hii hawezi kukosa wa kumshika mkono. Nami nilidhani hivyohivyo.

Kazi yangu unaijua: kulinda geti na kutunza bustani ya nyumba mbili za arbab, mwenye mali, pale Jumeira. Ukuta mmoja, geti moja. Nyumba ya kushoto anakaa Bwana Greg, Mmarekani, na mkewe Madam Linda. Ya kulia Bwana Morita, Mjapani, na mkewe.

Siku yangu ya kwanza Madam Linda alinikuta namwagilia maua. Akaniuliza jina, akanipa mkono, akaniingiza mpaka jikoni kwake, akafungua friji. "Rajabu, hii ni nyumba yako. Ukisikia kiu chukua unachotaka, usiombe." Mwanaidi, nilisimama mbele ya friji la watu kama mwizi. Kwetu mgeni huandaliwa, haambiwi ajipakulie. Siku nyingine walikuwa wanachoma kuku, akaniuliza kama nitakula. Nikasema hapana, ahsante, kama tulivyolelewa, nikingoja aniambie, "Hebu acha hayo, kaa ule." Akasema, "Sawa," akaondoka na sahani yake. Nilinusa kuku yule mpaka Magharibi. Tangu hapo nikajua kwamba kwa Mmarekani ukitaka kitu useme ndiyo mara ya kwanza, kwa sababu hutaulizwa tena. Wageni wao waliotoka nchi mbalimbali walipokewa vivyo hivyo. Bwana Greg anatoka pekupeku, anamkumbatia mtu hata kama hajawahi kumwona, na baada ya muda mfupi wanacheka kama waliotahiriwa jando moja. Mgeni akiondoka, Bwana Greg anamuaga akiwa amekaa palepale kwenye kiti.

Wajapani walichukua muda mrefu hata kuniuliza jina. Lakini kila asubuhi Bwana Morita akipita getini alinipa heshima kwa kuinamisha kichwa, mimi, mlinzi. Siku moja ya Idi wakanialika. Mlangoni tukavua viatu, nikajiona niko Pangani. Hawakuniuliza nitakula au sitakula, chakula kilikuja chenyewe, na kikombe changu cha chai hakikupata kuwa kitupu. Nilipoaga, mume na mke wakanisindikiza mpaka getini, wakasimama wameinama wakingoja nipotee machoni. Sasa nipotelee wapi, na kibanda changu kiko hapohapo getini? Ilibidi nitoke nje, niuzunguke ukuta wote, ili wale watu wapate kurudi ndani. Nilicheka peke yangu njiani. Nikajisemea, hawa ndio wenzetu. Ila miaka yote sikupata kuvuka kile chumba cha wageni. Grace, dada wa Kiganda anayewafanyia kazi za ndani, aliniambia kwamba hata yeye husifiwa na kushukuriwa kama aliyeingia jana.

Basi mwezi uliopita arbab akaja, akasimama kivulini, akaniita. "Rajabu, khalas, imekwisha. Nyumba zinavunjwa, panajengwa jengo refu. Mwisho wa mwezi nafuta viza yako. Ukipata kafili mwingine, nitakuachia uende kwake. Usipopata, unarudi kwenu."

Nilianza kwa Bwana Greg, kwa kuwa ndiye aliyezoea kuniambia, "Ukiwa na shida, niambie." Alikuwa anapakia vitu kwenye gari. Akaviweka chini, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nitakuambia ukweli, rafiki yangu," akasema. "Hapana. Kampuni yangu haitakubali, na sisi wenyewe tunarudi Marekani. Pole sana." Akanipiga bega. "Lakini siku ukifika Marekani, nyumba yetu ni yako."

Madam Linda akatoka akanikumbatia, akalia machozi ya kweli, akisema mimi ni mtu wa familia yao. Nami niliona uchungu. Niliona wametamka hapana kwa wepesi, kama mtu anayekwambia duka limefungwa.

Kesho yake nikaenda kwa Bwana Morita. Akanikaribisha, chai ikaja. Nilipomaliza kusema, akavuta pumzi kupitia kwenye meno, akainamisha kichwa upande. "Ni jambo gumu kidogo," akasema. "Nitalifikiria."

Gumu kidogo, Mwanaidi. Hakusema gumu sana. Nilitoka pale miguu haikanyagi chini, na siku ile ndiyo nilikupigia simu nikakwambia kuna mwanga.

Siku hizohizo kulikuwa na nyumba Bur Dubai, ya Wazanzibari wa zamani, waliozaa na kujukuu hapa. Walitaka mtu wa geti, na viza wangetoa wao. Wakaniletea ujumbe niende tuzungumze. Nikajibu wanipe muda kidogo, nina jibu la mtu ninalingoja. Sikutaka Bwana Morita akija na habari njema akute nimemkimbia.

Kila asubuhi aliinama, nami nikainama. Nikawa namtazama usoni kama mkulima anavyotazama mawingu.  Mwisho Grace akanifuata bustanini.

"Bwana Rajabu, unangoja nini? Mbona hutafuti kazi?"

"Nangoja jibu la Bwana Morita."

"Alishakujibu."

"Alisema atalifikiria."

"Hiyo ndiyo hapana yao," akasema taratibu. "Anaona haya kukuumiza uso kwa uso. Siku ile ulipotoka alikaa pale, chai yake ikapoa bila kuinywa. Nilidhani umeelewa."

Nilitupa mpira wa maji, nikaenda Bur Dubai na nguo zangu za kazi. Akanipokea bibi mwenye nyumba, na kanga yake kichwani. "Ah, mwanangu, tulikungoja. Keshapatikana mwengine, juzi kaingia. Lakini usirudi na jua hili, pita ndani unywe chai." Nikapita. Ilikuwa chai ya iliki, na vitumbua vya moto. Niliinywa yote.

Hapa chumbani wenzangu wanabishana nani mkarimu kumzidi mwenzake, Mmarekani au Mjapani. Mimi naendelea kuandika. Wote walinitendea mema, siwezi kuwasingizia. Mmarekani alinikatalia mara moja nikamwona hana huruma, kumbe ndiye aliyeniachia wakati wa kutafuta. Mjapani alinihurumia, na huruma yake ndiyo niliyoikalia mpaka wakati ukaisha. Lakini hata ningewaelewa tangu mwanzo, kwao mimi nilikuwa mgeni, na mgeni hupewa chai.

Wamarekani wameondoka wakinipungia mikono. Mke wa Morita alinipa taulo jipya lililofungwa vizuri kwenye karatasi, kwa mikono miwili. Sasa niko Al Baraha kwa Watanzania wenzetu, nalala kitanda cha yeyote aliye kazini. Paspoti anayo arbab, atanikabidhi uwanjani siku ya kuondoka, wiki ijayo. Nimezunguka maduka, gereji, hoteli. Kila mahali ni kesho, inshallah. Sina tena pa kugonga, Mwanaidi, na sitaki kukudanganya kwamba nikifika huko kuna jambo nimelipanga. Sijapanga kitu. Mwambie fundi wa nyumba yetu asitungoje, akafanye kazi za watu wengine.

Nisalimie mama mkwe, na aendelee kuniombea. Msalimie kaka yako Shabani, umwambie asiwalaumu wazungu wala Wajapani. Msalimie mjomba wangu wa Mkwaja, aliyeuza ng'ombe wake nikapata nauli. Huyo usimwambie lolote, nitamwendea mwenyewe. Zuhura mbusu, na mdogo wake ambaye hanijui umweleze polepole kwamba kuna mtu anakuja.

Usije kunipokea, wala usimwambie mtu siku. Nitashuka na basi jioni, nikae stendi mpaka watu waingie msikitini. Nitapitia uchochoro wa nyuma. Mlango wa uani usiufunge kwa komeo.

Mumeo,
Rajabu, baba Zuhura